Klabu za OTZ kwenye hospitali za umma Kenya: nyota nne kwa dawa, mbili kwa siku ya kuhama

Kijana anayeishi na HIV akifika hospitali ya umma nchini Kenya, kuna uwezekano mkubwa ataingizwa kwenye klabu ya OTZ, yaani Operation Triple Zero. Sufuri zenyewe ni tatu: asikose miadi, asiruke dozi, na kipimo kisione virusi. Kwa kijana anayelelewa na mzazi au nyanya, huduma hii ni nzuri kweli. Kwa aliyekulia makao ya watoto, inamwacha pale pale anapoihitaji zaidi.

Tuanze na uzuri. Klabu iliyopangwa vizuri hukutana Jumamosi au wakati wa likizo, kwa hiyo mwanafunzi haombi ruhusa shuleni kila mara. Foleni ni ya rika lake, na ARV, yaani dawa za kudhibiti HIV, hazilipiwi. Wingi wa virusi hupimwa kila miezi sita, na hapo usikubali kuambiwa tu "uko sawa". Omba nambari na tarehe, uandike. Nambari ikiwa juu, kabla ya kulaumu dawa mshauri anapaswa kuchunguza dozi zinakopotelea: bwenini, safarini, au kwenye kabati ambalo ufunguo wake anao mtu mwingine.

Mafunzo kuhusu dawa ndiyo sehemu bora, ingawa mambo madogo hurukwa. Wengi wenye kilo 30 na zaidi hunywa TLD, kidonge kimoja kwa siku chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Ukisahau, kinywe mara unapokumbuka, ila kama zimebaki chini ya saa nne kabla ya dozi inayofuata, subiri hiyo. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini huinasa dolutegraviri tumboni isiingie mwilini, hivyo TLD itangulie kwa saa mbili au ifuate baada ya saa sita. Vidonge vya madini ya chuma na kalsiamu vina tabia hiyo hiyo, lakini vinaweza kunywewa pamoja na TLD ukiwa umekula. Halafu kuna kelele: chupa hulia ukitembea, na bwenini mlio huo huleta maswali. Muulize mfamasia namna ya kuuzima. Usihamishie vidonge kwenye karatasi, unyevu utaviharibu, na kile kifuko cha kukausha kibaki chupani.

Sasa udhaifu. Vikao vya walezi kwenye klabu vimetengenezwa vikimfikiria mlezi mmoja, mtoto mmoja. Kwenye makao, mfanyakazi mmoja huchukua dawa za watoto wengi, kwa hiyo kijana hufika miaka 18 hajawahi kusimama dirisha la famasia, wala hajui jina la anachokunywa. Amri ya mahakama iliyomweka pale inakoma, anaondoka na begi. Akifika mji mwingine bila barua ya uhamisho, huandikishwa upya kama mgonjwa mgeni: historia ya dawa alizowahi kutumia inapotea, na kule alikotoka anahesabiwa kuwa ametoroka matibabu.

Makao na kliniki wangeanza kumwandaa mapema, akiwa na miaka 16. Aende kliniki mwenyewe, msindikizaji abaki nje. Barua ya uhamisho iwe na nambari yake ya CCC, kliniki ya huduma za HIV (tarakimu 10, tano za kwanza ni za kituo), dawa za sasa na za zamani, tarehe alizobadilishiwa, na kipimo cha mwisho cha virusi. Aombe dawa za miezi mitatu mkononi, na kituo cha zamani kipige simu kuhakikisha amepokelewa. Barua peke yake hukaa mfukoni. Cheti cha kuzaliwa kishughulikiwe na afisa wa watoto kabla ya yote, maana bila hicho kitambulisho ni taabu, na bila kitambulisho usajili wa SHA, bima ya afya ya umma, na laini ya simu kwa jina lake vinakwama. ARV ni bure. Eksirei na kulazwa si bure.

Jambo la mwisho ni la ratiba. Tangu ufadhili wa Marekani ulipovurugika Januari 2025, baadhi ya kliniki za CCC zimeunganishwa na idara ya wagonjwa wa nje, na washauri rika wamepungua. Kabla ya kupanda matatu, piga simu uulize mambo mawili: kama kliniki ya Jumamosi bado ipo, na kama dawa hutolewa chumba cha faragha au dirisha la wote.