Unga wa papai wa kulainishia nyama: bidhaa nzuri, maelekezo mabaya

Unga wa papai bichi nilioununua kwa ajili ya mishkaki katika duka moja la viungo hapa Mombasa ni mzuri kweli, lakini kibandiko chake kinachoagiza uchemshwe kwa dakika kumi kabla ya kupakwa kinaiharibu bidhaa yenyewe. Kinacholainisha nyama ni papaini, kimeng'enya kinachokatakata protini, ambacho kasi yake huongezeka kadiri joto linavyopanda hadi takriban nyuzi 65 za Selsiasi. Kikichemshwa, umbo lake huvurugika na hakirudii nguvu yake hata kikipozwa.

Nilipofuata kibandiko, mishkaki ilitoka kwenye makaa ikiwa migumu, ya kuvutana na meno. Mara ya pili nilitumia maji ya uvuguvugu na kuiacha nyama saa moja, nayo ikakatika kwa urahisi. Kwenye jokofu papaini haifi, ila hufanya kazi polepole. Unga usizidi, kwa kuwa nyama inapoanza kupata moto papaini huchangamka mno na kuifanya rojorojo. Nitaununua tena, na ninamwomba muuzaji abadilishe kibandiko hicho.