Seti ya diski ya 12 Angry Men: uzoefu wangu

Mimi huandika michezo ya redio, na seti hii niliiagiza kwa sababu moja. Mbali na filamu ya 1957, ndani yake umo mchezo wenyewe wa televisheni uliorushwa mubashara na CBS, kituo cha Marekani, tarehe 20 Septemba 1954. Vyote viwili viliandikwa na Reginald Rose, na kisa ni kimoja: wajumbe 12 wamefungiwa chumbani waamue kama kijana alimuua babake kwa kisu. Muda mfupi kabla ya hapo aliitwa mahakamani New York kukaa katika jopo la raia 12 wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, kesi ya kuua bila kukusudia, na mabishano ya mle chumbani ndiyo yaliyompa kisa.

Anza na ule wa televisheni. Picha ina ukungu, maana enzi zile kipindi cha mubashara kilihifadhiwa kwa kuielekezea skrini kamera ya filamu. Nakala kamili ilipatikana 2003 tu. Ukimaliza, weka filamu, dakika 96. Rose alipopewa muda zaidi hakukimbilia nje. Karibu yote imo chumba kilekile. Alichoongeza ni watu: kazi zao, chuki zao, watoto wao.

Mfano wa ufundi wake ni kisu cha kesi. Mjumbe namba 4 anaachwa aeleze kwa utulivu kwamba muuza duka aliyekiuza hajawahi kuwa na kingine kama hicho. Wote wanaridhika. Ndipo namba 8, anayeigizwa na Henry Fonda, anatoa mfukoni kisu kingine na kukikita mezani kando ya kile cha kesi. Nimerudia hapo mara saba, daftari mkononi. Mwandishi amempa mpinzani hoja yenye nguvu kwanza, akaijenga hadi juu, kisha akaigonga. Sijapata somo la uandishi lililonifaa kuliko hili.

Nilitamani seti iwe na mchezo wake mwingine wa 1954, Thunder on Sycamore Street. Aliuandika juu ya familia ya Weusi inayofukuzwa na majirani, akalazimishwa kumgeuza mhusika awe mtu aliyetoka jela. Haumo, na inauma. Wala The Defenders, tamthilia yake ya mawakili baba na mwana (1961 hadi 1965), haimo.

Kasoro kubwa: muuzaji hakunieleza kuwa diski ni za deki za Marekani. Deki yangu ilizikataa, nikaazima kompyuta ya kaka. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza tu, kwa hiyo mama nilimtafsiria. Mjumbe namba 3 alipotoa picha ya mwanawe, mapema kwenye filamu, mama akasema, "Huyu ana ugomvi na mwanawe, si na huyo kijana wa kesi." Nikanyamaza, nisimharibie mwisho.

Naipa nyota 4. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji diski ni za eneo gani.