Tathmini ya Ryzen 7 5800X3D: kubadilisha prosesa na kuyaacha mengine yote yalivyo

Kabla sijaisifu au kuikosoa prosesa hii, ni haki msomaji ajue iliingia wapi. Kompyuta yangu ilikuwa na Ryzen 5 2600, prosesa ya mwaka 2018 yenye kore 6 (yaani viini sita vya kufanyia kazi), ikiwa juu ya ubao mama wa familia ya B450, pamoja na RAM (kumbukumbu ya muda) ya aina ya DDR4 na kadi ya grafiki ya GeForce RTX 3060 Ti. Haikuwa mbovu. Ila kila ndege yangu ya Microsoft Flight Simulator ilipokaribia kutua katika jiji lenye majengo mengi, picha ilianza kujikokota, na katika Factorio, mchezo wa kujenga viwanda, kiwanda changu kilikuwa kimepanuka kiasi kwamba muda ndani ya mchezo ulikwenda polepole kuliko saa ya ukutani. Nilifanya jaribio ambalo namshauri kila mtu alifanye kabla hajatoa fedha: nilishusha ukubwa wa picha kutoka 2560 kwa 1440 hadi 1280 kwa 720, nikarudia safari ileile ya ndege, na idadi ya fremu kwa sekunde ikabaki palepale. Kadi ya grafiki inapopunguziwa mzigo kwa kiasi hicho na picha isiongezeke kasi, maana yake kadi hiyo ilikuwa imekaa ikisubiri kazi, na anayechelewesha kazi hiyo ni prosesa.

Njia iliyo wazi katika hali kama hiyo ni kununua prosesa ya kizazi kipya, lakini prosesa hiyo haiji peke yake. Soketi ya AM5 (tundu la kuwekea prosesa kwenye ubao mama), ambayo AMD, kampuni inayotengeneza Ryzen, iliizindua Septemba 2022, haipokei RAM ya DDR4 hata kidogo, kwa hiyo anayeiendea hulazimika kununua prosesa, ubao mama na RAM kwa mkupuo mmoja, kisha afungue kompyuta nzima na kuipanga upya. Ryzen 7 5800X3D ilitoka Aprili mwaka huohuo, miezi michache kabla ya AM5, kwa ajili ya soketi ya AM4 ambayo ilikuwa imekuwapo tangu 2016. Ndiyo sababu naitathmini kama kipuri cha kubadilisha katika mashine iliyopo, kwa kuwa hapo ndipo thamani yake ilipo. Anayejenga kompyuta mpya kuanzia kasha tupu namwambia mapema kwamba tathmini hii haimhusu sana.

Kwa umbo la ndani, ni prosesa ya usanifu wa Zen 3 yenye kore 8 na nyuzi 16 za kazi, sawa kabisa na ndugu yake Ryzen 7 5800X aliyetangulia mwaka 2020. Tofauti iko katika kache ya ngazi ya tatu, kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa yenyewe. Ndugu yake ana megabaiti 32. Hii ina megabaiti 96, kwa sababu juu ya kipande cha silikoni chenye kore kumebandikwa kipande kingine chembamba chenye megabaiti 64, shaba ya juu ikigusana na shaba ya chini bila lehemu katikati. Prosesa ikiikuta data inayoihitaji ndani ya kache hiyo, huipata kwa takriban nanosekunde 10. Isipoikuta, inabidi iifuate kwenye RAM, na safari hiyo huchukua mara kadhaa ya muda huo, huku kore ikiwa haina la kufanya. Factorio hupitia hali ya mikanda, mashine na roboti zote za kiwanda mara 60 kwa sekunde, na kiwanda kinapokuwa kikubwa data yake haitoshi tena katika kache ndogo. Katika mchezo wa namna hiyo, kuongeza gigahezi hakusaidii sana, maana kore yenye kasi zaidi itafika mapema mahali pa kusubiri.

Nyongeza hiyo ina gharama yake, nayo imeandikwa waziwazi katika maelezo ya kiwandani. Kasi ya juu ni gigahezi 4.5, wakati 5800X hufika 4.7. Kipande cha kache hakistahimili volti kubwa, na silikoni iliyoongezwa juu huzuia kiasi fulani cha joto lisitoke kwenye kore, kwa hiyo AMD ilifunga uwezo wa mtumiaji kupandisha kasi kwa mkono. Kikomo cha joto nacho ni digrii 90 za Selsiasi. Kwa anayehariri video, anayechora picha za pande tatu au anayekusanya programu kubwa kutoka kwenye msimbo, hii inakuwa prosesa ya kore 8 iliyo polepole kidogo kuliko ndugu yake, na Ryzen 9 5900X yenye kore 12 inayoingia kwenye soketi hiyohiyo itamfaa zaidi.

Sasa nije kwenye ufungaji, ambao unastahili maneno mengi kuliko kawaida, kwa kuwa karibu kila malalamiko niliyowahi kuyasikia juu ya prosesa hii yalianzia hapo. Jambo la kwanza ni BIOS, programu ndogo ya ubao mama inayoiwasha kompyuta. Ubao mama wa mwaka 2018 hauwezi kuitambua prosesa ya mwaka 2022 mpaka upewe BIOS mpya, na ni lazima BIOS hiyo iwekwe wakati prosesa ya zamani bado iko mahali pake. Ukitanguliza kubadilisha, utabaki na feni zinazozunguka na skrini nyeusi. Bao chache zina kitufe cha kupokea BIOS kutoka flashi hata bila prosesa, ila wangu haukuwa nacho. Inafaa pia kusoma maelezo ya toleo lenyewe, kwa kuwa katika bao ambazo chipu yake ya BIOS ni ya megabaiti 16, baadhi ya watengenezaji waliondoa prosesa za zamani kabisa ili kupata nafasi ya mpya, na ukishapanda toleo hilo huenda usiweze kurudi nyuma.

Jambo la pili ni kuitoa prosesa ya zamani. Prosesa za AM4 zina pini 1331 chini yake, na soketi huzishika kwa mbano wa wenzo mdogo wa pembeni tu, bila fremu ya kuikandamiza kutoka juu. Pesti ya joto iliyokaa miaka minne hukauka na kuwa kama gundi. Nilijua kwamba yanipasa kucheza mchezo mzito kwa dakika kumi ili pesti ilainike, kisha nizime mashine na kukizungusha kipozajoto kushoto na kulia kabla ya kukiinua, lakini siku hiyo haraka yangu iliniponza: nilikivuta moja kwa moja, nikasikia mlio mkavu, na nilipokigeuza nikaiona Ryzen 5 2600 imening'inia chini yake, wenzo wa soketi ukiwa bado umefungwa. Pini tatu za pembeni zilikuwa zimelala. Niliziinua moja baada ya nyingine kwa ncha ya kalamu ya risasi ya kubofya, nikiwa nimeutoa mjiti wake, na zikanyooka. Kosa lilikuwa langu, na laiti ingekuwa prosesa mpya ndiyo iliyong'oka namna ile, makala haya yangekuwa na sauti nyingine.

Jambo la tatu lilinikuta nilipowasha mashine. Kabla ya Windows kufunguka, maandishi meupe yalitokea juu ya skrini nyeusi yakisema kwamba prosesa mpya imewekwa na kwamba hifadhi ya funguo za usalama iliyo ndani ya prosesa haiendani tena na iliyokuwapo, kisha yakanitaka nibonyeze Y kuifuta au N kuiacha. Kwa aliyefunga diski yake kwa BitLocker, ulinzi wa data wa Windows, swali hilo ni zito: ukibonyeza Y bila kuwa na ufunguo wa dharura ulioandikwa mahali pengine, data yako utaiaga. Mimi nilikuwa nimeusimamisha ulinzi huo kabla ya kuanza na kuunakili ufunguo kwenye karatasi, basi nikabonyeza Y na Windows ikafunguka bila taabu.

La nne ndilo dogo kuliko yote, na ndilo lililonifanya niidhanie vibaya prosesa kwa siku nzima. BIOS mpya hufuta mipangilio yote, pamoja na ule unaoiambia RAM ifanye kazi kwa kasi iliyoandikwa kwenye kibandiko chake. Vipande vyangu viwili ni vya kasi ya 3200, ila baada ya mabadiliko vilikuwa vinakwenda kwa 2133, nami nikicheza na kujiuliza sifa zote zile zimetoka wapi. Ni mpangilio mmoja tu katika BIOS, na bao nyingi huuita XMP au DOCP. Aliye na kipande kimoja tu cha RAM naye ajue kwamba kingine cha aina hiyohiyo kitamnufaisha, kwa kuwa prosesa hii ina njia mbili za kumbukumbu na kipande kimoja hutumia moja tu.

Kuhusu kipozajoto, sandukuni hakimo, na kile kidogo kilichokuja na Ryzen 5 2600 kilitengenezwa kwa prosesa ya wati 65, ilhali 5800X3D imepangiwa 105. Hakuna haja ya mfumo wa maji. Kipozajoto cha mnara mmoja chenye mabomba manne ya shaba na feni ya milimita 120 kinatosha kabisa kwa michezo, maana michezo haizitumii kore zote kwa nguvu zote. Kinachokera zaidi ya joto lenyewe ni tabia yake ya kuruka: mchezo unapofungua ramani mpya, kipimo hupanda ghafla na kushuka baada ya sekunde chache, na feni iliyoachwa na mipangilio ya kiwandani hupiga kelele na kunyamaza, hupiga kelele na kunyamaza, mpaka inachosha. Nenda kwenye BIOS, ipe feni ucheleweshaji wa sekunde kadhaa kabla ya kuitikia joto, na kelele hizo zitakwisha. Bao nyingine huruhusu pia kupunguza volti ya kore kidogo, na hiyo ni njia nzuri ya kushusha digrii bila kupoteza kasi. Anayeijaribu aijaribu kwa hatua ndogo, kwa kuwa mashine iliyopunguziwa volti kupita kiasi huweza kuzimika hata ikiwa haina kazi.

Na matokeo? Katika Factorio kiwanda kilekile kilirudi kwenye hatua 60 kwa sekunde, na sijaweza tena kukipanua kiasi cha kuishinda prosesa, ingawa nimejitahidi. Katika Microsoft Flight Simulator badiliko kubwa halikuwa katika wastani wa fremu, ambao ulipanda vizuri, bali katika zile fremu chache za polepole kuliko zote, asilimia 1 ya chini, ambazo ndizo jicho huziona kama kukwama. Kutua jijini sasa ni mwendo mmoja usiokatika. Mbio za magari za Assetto Corsa Competizione, zenye magari mengi kwenye mstari wa kuanzia, nazo zilipata faida iliyo dhahiri. Michezo ya kufyatuliana risasi ambayo ramani zake ni ndogo ilipanda kwa kiasi cha kawaida tu, na sehemu ya upandaji huo ingepatikana kwa prosesa yoyote ya Zen 3. Katika mchezo mmoja wa hadithi nilioucheza kwa mwangaza na vivuli vya juu kabisa sikuona tofauti yoyote, kwa sababu hapo kadi ya grafiki ndiyo ilikuwa ikitoa jasho. Anayecheza kwa 3840 kwa 2160 na kadi ya kiwango cha kati atabaki hapohapo, na fedha yake ingefanya kazi bora katika kadi.

Kuna mambo mawili ya mashine ya zamani ambayo prosesa hii haiyarekebishi. B450 hubaki na PCIe (njia za data kati ya kadi na prosesa) ya kizazi cha 3; kwa kadi inayotumia njia zote 16 hilo halidhuru kitu kinachoonekana, lakini kadi ndogo kama Radeon RX 6500 XT, ambayo ina njia 4 tu, hupoteza nguvu kwenye ubao wa namna hiyo. Pia prosesa haina grafiki ya ndani, hivyo siku kadi itakapokufa hutakuwa na picha hata ya kuingia kwenye BIOS.

Leo ugumu mkubwa ni kuipata ikiwa mpya. Mbadala wa karibu ni Ryzen 7 5700X3D ya mwaka 2024, yenye kore 8 zilezile na megabaiti 96 zilezile, ila kasi yake ya juu ni gigahezi 4.1. Katika michezo inayotegemea kache tofauti hiyo ni ndogo kuliko namba zinavyodokeza, na kama bei zimeachana sana, ningechukua hiyo bila kusita. Anayenunua 5800X3D iliyotumika aombe picha ya upande wa chini, iliyopigwa kwenye mwanga na kwa mshazari, ili safu za pini zionekane zimenyooka hadi pembeni. Muuzaji anayetuma picha ya kifuniko cha juu pekee, hata kiwe kinang'aa vipi, hajajibu swali.