Ziara ya nyota katika jangwa la Namib, nikiwa na mama

Nilikuwa nimeshatuma malipo ya awali barua pepe ilipoingia kutoka kambini. Waliandika kwamba tarehe nilizochagua zinaangukia mwezi mpevu, kwamba mbalamwezi itafuta nyota nyingi, na kwamba wangependa tusogeze safari wiki mbili mbele bila gharama yoyote. Niliisoma mara mbili. Nimewahi kwenda ziara ya namna hii kwingine, kampuni ikatupeleka usiku wa mwezi kumi na nne, ikatoza bei kamili, na tukarudi tumeuona mwezi tu. Hawa walikubali kitanda chetu kilale kitupu usiku mbili kuliko kutuonyesha anga nusu. Nikawaamini kabla sijawaona.

Kazi yangu ni kupima macho. Mama yangu ana miaka 68, na mwaka jana aliondolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia kwanza, kisha la kushoto. Safari hii ilikuwa ahadi niliyompa siku alipofunguliwa bandeji ya pili. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue ninaipima huduma hii kwa kipimo gani: je, mzee aliyerudishiwa macho anaweza kusimama gizani jangwani na kuona kile alichokijia?

Mwanzoni mama hakutaka. Nilimwambia tunakwenda kwa wanajimu, naye akajibu kwa ukali kwamba yeye hana haja ya kusomewa nyota yake na mtu yeyote. Kosa lilikuwa langu, nilitumia neno lililobeba mambo mengine. Nikamweleza kwamba huyu ni mwanafalaki, anapima mwanga wa nyota kama mimi ninavyopima macho ya watu, habari za bahati ya mtu hazimhusu. Hapo akakubali kufunga begi.

NamibRand ni hifadhi binafsi kusini-magharibi mwa Namibia, zaidi ya hekta 200,000, imepakana na hifadhi ya taifa ya Namib-Naukluft. Mwaka 2012 ilitambuliwa kimataifa kuwa hifadhi ya anga lenye giza, ya kwanza barani Afrika. Kutoka Windhoek tulitumia saa sita na kitu, sehemu kubwa ni barabara ya changarawe, na mwenye mgongo mbovu ajiandae. Ndani ya hifadhi ziko kambi kadhaa. Yetu ilikuwa ndogo, ya mahema. Taa za njia ziko chini ya magoti, zimefunikwa kwa juu, mwanga unaanguka miguuni tu. Usiku wa nyota tulitozwa dola 1,100 za Namibia kila mmoja, mbali na malazi. Dola yao ni sawa na randi ya Afrika Kusini, kwa hiyo hata anayetokea upande huo hana hesabu ya kupiga.

Wanaoongoza ni wawili. Mmoja ni mwanafalaki, mwanamke wa makamo asiye na haraka. Mwingine ni mwongozaji kijana, Mnama, yaani mtu wa kabila la Wanama, mzaliwa wa upande ule wa kusini. Saa moja na nusu usiku walitukusanya kwenye uwanja wa mchanga, wakatukabidhi blanketi, wakazima taa zote. Kisha hawakutuonyesha kitu. Tulikaa kwenye viti vya kuegemea dakika 25 nzima. Mgeni mmoja alianza kunung'unika kwamba muda unakwenda.

Mimi nilifurahi mno, kwa kuwa hicho ndicho wengi wanakiruka. Jicho lina seli za kuonea mchana na seli za kuonea mwanga hafifu, na hizi za pili huamka polepole. Zinahitaji nusu saa hivi, wakati mwingine zaidi, zifike nguvu yake. Mwanga mweupe wa simu wa sekunde chache unazirudisha nyuma. Mwanga mwekundu hauzisumbui sana, ndiyo maana kurunzi za pale zote zina kioo chekundu. Mwanafalaki alieleza haya kwa sentensi tatu, akanyamaza, akaacha giza lifanye kazi. Taratibu mchanga ukaanza kuonekana tena, weupe wake, halafu miguu ya viti, halafu mikono yangu mwenyewe. Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota za galaksi yetu, ilikuwa imepita juu ya vichwa vyetu toka upande mmoja wa upeo hadi mwingine, pana, yenye mapande meusi katikati kama nguo iliyopauka kwa mafungu.

Mama alikuwa kimya. Baadaye akanigusa mkono: "Yule si nge yule?"

Alikuwa ameliona kundi la nyota liitwalo Nge bila kuelekezwa, kichwa, mwili na mkia uliopinda. Agosti, mwanzo wa usiku, Nge anakaa karibu kabisa na utosi wa anga katika latitudo ile. Mwongozaji alinyoosha mwale wake wa leza wa kijani mpaka kwenye nyota nyekundu ya kifuani, Antares, na mwanafalaki akasema kwamba ingewekwa mahali pa jua letu, dunia na hata Mirihi zingekuwa ndani ya tumbo lake. Nikamtafsiria mama. Akataka nirudie.

Baada ya hapo ikaja darubini, na hapa nina sifa na lawama. Ni darubini ya kioo cha sentimita 40, bomba refu linalosukumwa kwa mkono. Kwa darubini ya namna hii, kadiri unavyoielekeza juu ndivyo pa kuchungulia panavyopanda, na kwa vitu vya utosini ilibidi watu wapande kigoda cha ngazi mbili. Kigoda hakina pa kushika. Gizani, kwenye mchanga, kwa mama wa miaka 68! Tulikuwa wageni kumi na wawili kwa darubini hiyo moja, foleni ikawa ndefu, na mgeni yuleyule mnung'unikaji akawasha simu yake usoni mwetu ili asome ujumbe. Mwongozaji alimwomba azime kwa upole, akawasha tena, akaombwa tena. Ningependa wawe wakali zaidi, maana ile simu ilituibia sote dakika za macho ambazo hazirudi haraka. Nimewaandikia kuhusu kigoda na kuhusu simu. Waliahidi fimbo ya kushika. Kuhusu simu hawajajibu.

Sifa sasa. Mwongozaji alipoona mama anakitazama kigoda kwa wasiwasi, alisema kitu kwa mwanafalaki, wakaigeuza darubini kusini-magharibi, chini, kwenye kundi la nyota la Msalaba wa Kusini, hadi pa kuchungulia pakashuka usawa wa mtu aliyeketi. Wakamletea kiti. Halafu mwanafalaki akamshika mama kidole, akakiweka kwenye kirekebishi, kitufe cha kuisafisha picha ya darubini, akaniambia nimtafsirie: azungushe mwenyewe mpaka nyota ziwe vitone, kwa sababu kila jicho lina namba yake. Katika miaka yangu yote ya kupima macho hiyo ndiyo sentensi ninayowaambia watu kila siku, na sijawahi kumsikia mwongoza watalii akiisema. Kwenye ziara ile nyingine mtu wa mbele alirekebisha kwa jicho lake, sisi wengine tukatazama ukungu.

Alichokiona mama ni kifungu cha nyota kinachoitwa Sanduku la Vito, kando ya Msalaba. Nyota za buluu zimekaa karibu karibu, na moja katikati ina rangi ya chungwa. Alikaa pale muda mrefu na hakuna aliyemharakisha.

"Zote za buluu," akasema, "ila moja kama kaa la moto."

Inafaa nieleze kwa nini koo lilinibana. Lenzi ya jicho la mtu ikizeeka huwa ya manjano, na manjano hayo hula buluu kwanza. Kwa miaka mama alikuwa akiniambia kanga yangu ya buluu ni ya kijivu. Lenzi ya plastiki aliyowekewa haina umanjano huo. Najua haya kwa vitabu na kwa wagonjwa mia kadhaa, lakini kumsikia akitaja rangi ya nyota zilizo mbali namna ile, gizani, bila kuulizwa, hilo sikuwa nimejiandaa nalo.

Baadaye tuliona Omega Centauri, kifungu kingine cha nyota. Kwa macho matupu ni nyota yenye ukungu tu. Ndani ya darubini ni mchanga uliomwagwa, nyota zipatazo milioni kumi, na mwanga wake umesafiri miaka kama 17,000. Mwongozaji alitufundisha kutazama pembeni kidogo ya kitu hafifu, si moja kwa moja. Ni kweli: pale katikati kabisa ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hakuna seli za mwanga hafifu, kwa hiyo ukikikodolea macho kitu kama hicho kinakuponyoka. Yeye alisema aliijua kwa babu yake aliyechunga mbuzi usiku. Saa nne na nusu tukaenda kulala.

Wengi huishia hapo, na ndivyo ziara nyingi zinavyouzwa. Hapa bei ileile inajumuisha kuamshwa saa kumi na nusu alfajiri kwa anayetaka. Kati ya wageni kumi na wawili tuliamka watano. Nawasihi mwamke. Baridi ilikuwa kali, chai ilikuwa ya moto, na anga lilikuwa jingine kabisa: Mawingu ya Magellan yamepanda juu kusini, galaksi mbili jirani zetu zinazoonekana kwa macho kama mapande mawili ya moshi usiosogea. Mashariki kulikuwa na zile nyota tatu za mstari za kundi la Orioni, na kaskazini-mashariki fungu dogo la nyota zilizobanana.

Mwongozaji akatuambia hadithi ya Wanama. Lile fungu dogo ni wanawake, mabinti wa mungu wa anga. Mume wao ni Aldebaran, nyota ya manjano-nyekundu iliyo karibu. Walimtuma akawinde wale pundamilia watatu, ndizo nyota za mstari, akarusha mshale mmoja ukaanguka kabla ya kufika. Sasa hawezi kurudi nyumbani mikono mitupu, wala hawezi kwenda kuuokota mshale, kwa sababu upande wa pili simba mwekundu, Betelgeuse, amekaa anawavizia pundamilia walewale. Basi mume anakaa hapo usiku kucha, kwa njaa na baridi.

Mama alisikiliza tafsiri yangu mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwambie hao wanawake ni Kilimia. Kwetu Kilimia ndicho kinachotuambia tushike jembe." Akaanza kuhesabu kwa kidole. Kabla ya upasuaji mara ya mwisho aliniambia Kilimia kimekuwa doa. Alihesabu sita. Mwongozaji akamwambia atazame pembeni kidogo. "Saba," akasema mama. "Ipo ya saba, huku ukingoni."

Kijana akatoa daftari dogo mfukoni na kurunzi yake nyekundu. Akaomba mama arudie lile neno, na methali yake, kama ipo. Mama akamsomea polepole: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Mimi nikaeleza maana, yeye akaandika, akasoma kwa sauti, akakosea, na mama akamrekebisha. "Si Kilima, mwanangu. Kilimia. Ongeza i." Akaongeza i, akamwonyesha daftari chini ya mwanga mwekundu, na mama akainama akasoma mwenyewe, bila miwani.