Fundi wa mashini ya maji alivyomtisha mamangu na glasi moja (RO, uzoefu wangu)

Nilikuwa nimeamua kunyamaza lakini jana mama amenipigia kutoka Kitui, katikati ya salamu akauliza, "Na hayo maji bado mnayanywa?" nikaskia hasira zote zimerudi, kwa hivyo wacha niandike.

Tunakaa Utawala, ploti yetu inatumia maji ya kisima cha kuchimba. Mnaoishi pande hizi mnayajua, chai ina chumvi, sabuni haitoi povu, sufuria inashika ukoko mweupe. Na visima vingi vya Nairobi vina floraidi, ile inayoachia watoto meno ya madoa ya hudhurungi, WHO wanasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi, maji yanapungua yenyewe inabaki. Kifungua mimba wangu anaota meno ya ukubwani sai, ndio maana nilijinyima nikanunua RO, mashini ya kuchuja maji kwa membreni (utando wenye vitundu vidogo sana vinavyozuia madini), ya kuweka chini ya sinki.

Miezi ya kwanza nilikuwa nawasifu hao watu walioniuzia kila mahali, hata kanisani. Halafu maji yakaanza kutoka kidogo kidogo, jagi moja linajaa kwa saa nzima. Napiga simu, naambiwa fundi anakuja, wiki zinapita. Siku amefika, swali la kwanza: "Mzee yuko?"

Nikamwambia mashini ni yangu na risiti ina jina langu. "Sawa madam, lakini haya mambo ni afadhali niongee na mzee." Mama ameketi hapo anachambua ndengu, anaskia yote.

Hakufungua skrubu hata moja!! Alitoa kifaa chenye vyuma, akajaza glasi mbili, moja maji ya mfereji wetu, ingine ya chupa aliyokuja nayo, akachomeka kwa soketi. Dakika haijaisha glasi yetu ni tope la kahawia na povu linaelea juu, yake iko vile vile. Akamgeukia mama, hata si mimi, akasema, "Shosho, umeona vile wamekuwa wakikunywesha?" Membreni imekufa, ni elfu kumi na nne, na hiyo bei ni ya leo pekee.

Mama aliweka ungo chini. Tangu hapo hakuonja maji ya kwangu mpaka akarudi nyumbani, tukawa tunamnunulia ya chupa. Huyu ni mwanamke ambaye tangu utotoni amefukua maji kwa mchanga wa mto, leo anaogopa maji jikoni kwa bintiye.

Sasa skizeni. Hiyo rangi inatoka kwa vyuma! Ukipitisha stima kwa chuma ndani ya maji yenye madini, chuma kinaliwa, kinageuka kutu, ndilo hilo tope. Maji ya RO, na ya chupa yake yanaonekana ni kama hayo, yamebaki na madini kidogo sana, stima haipiti vizuri, ndio maana hayabadiliki. Na tena alipima maji ya mfereji, hayo hayajapita kwa membreni kabisa, sasa alijuaje imekufa? Nikamwambia atie chumvi kidogo kwa glasi yake tuone. Akakataa. Nikachukua kijiko mwenyewe, akang'oa plagi haraka akafunga mkoba, "Madam wewe ni mjuaji, mwambie mzee anipigie."

Jioni ndugu yangu akaleta kale kakalamu ka kupima TDS, yaani madini yaliyoyeyuka kwa maji. Mfereji 640, upande wa RO 31. Membreni ni nzima! Tukafungua filta ya kwanza, ile ya kushika mchanga, imejaa udongo kama gunzi lililofukuliwa shambani. Tumenunua ingine tauni kwa shilingi mia nne na maji yakarudi usiku huo huo.

Nilitaka niwaambie msinunue, lakini hapo nitakuwa nadanganya, kwa maji kama yetu hii mashini inafanya kazi na chai yangu ni shahidi. Kinachoniuma kwa mashini yenyewe ni yale inayomwaga, kama lita tatu kwa kila moja tunayokunywa, na hapa mfereji unaweza kukauka siku mbili. Nayakinga kwa ndoo napigia deki, nafulishia choo. Hivyo ndivyo RO ilivyo, silaumu kampuni. Kwa hivyo nyota nne.

Lakini nilipowapigia kulalamika, msichana wa huko akaniambia fundi alikuwa "anaelimisha mteja." Nikaomba kitu kimoja tu, wampigie mama wamwambie ukweli kuhusu ile glasi. Wakasema watapiga. Hakuna aliyepiga mpaka leo. Nyota tatu nimezitoa, wabaki na moja, na hiyo moja ni ya mashini.

Mama anakuja tena Krismasi. Nimeshanunua betri na misumari miwili, nitamwekea glasi mbili za maji ya RO hapo mezani, moja atatia chumvi kwa mkono wake mwenyewe.