Uzoefu wangu na voliumu za Docker katika kutunza hifadhidata ya maduka

Ninasimamia programu ya stoo na mauzo inayotumiwa na wafanyabiashara wa vipuri vya magari pale Kariakoo, na hifadhidata yake ni PostgreSQL inayoendeshwa ndani ya kontena la Docker (kifurushi kilichojitenga cha kuendeshea programu), kwenye seva moja ya Linux iliyoko ofisini kwetu Sinza. Mwenye duka hanisumbui sana kuhusu kasi wala mwonekano wa programu. Anachotaka kujua ni kama orodha ya wanaomdai na anaowadai itakuwapo kesho asubuhi endapo umeme utakatika usiku. Ninachotathmini hapa ni kipengele kinachobeba jibu hilo, yaani voliumu, sehemu ya kuhifadhi data ambayo Docker huitunza nje ya kontena.

Kukatika kwa umeme, kwa kweli, si tishio kubwa kuliko yote. Kontena likizimika na kuwaka tena, yaliyoandikwa ndani yake hubaki, na PostgreSQL yenyewe hutumia kumbukumbu yake ya miamala kurejesha hali ya mwisho iliyokamilika. Hatari ipo siku ya kusasisha programu, kwa sababu kusasisha katika Docker maana yake ni kulifuta kontena la zamani na kuunda jingine kutoka kwenye imeji mpya (kiolezo cha kuundia makontena), na tabaka la kuandikia la lile la zamani, yaani sehemu ambamo liliandika faili zake, hufutwa pamoja nalo. Voliumu huiweka data nje ya tabaka hilo, kwa kawaida chini ya /var/lib/docker/volumes, ili kontena lije na kuondoka bila kuigusa.

Katika faili la Compose, linaloorodhesha makontena na voliumu za mfumo, jambo hili ni mstari mmoja tu kwenye huduma ya hifadhidata: stoo_data:/var/lib/postgresql/data, yaani jina la voliumu kisha folda ya ndani ya kontena; jina hilo hutangazwa pia chini ya volumes. Wanaotumia PostgreSQL 18 waangalie hapo, kwani imeji rasmi ya toleo hilo inataka voliumu iunganishwe kwenye /var/lib/postgresql. Mstari huo ukisahaulika, imeji huunda voliumu yake isiyo na jina ulilolichagua, bali msururu mrefu wa herufi na tarakimu. Kontena jipya likiundwa kwa docker run, au kwa docker compose up baada ya down, hupewa nyingine tupu, na ile ya awali hubaki diskini bila mtu kujua ni ya nini. Hizo ndizo ambazo docker volume prune, amri ya kusafisha voliumu zisizotumika, huanza kuzifagia.

Nimetumia pia njia ya pili, ya kuunganisha folda ya seva moja kwa moja na kontena. Kwa faili za mipangilio inafaa sana, lakini kwa hifadhidata sikuipenda: faili huwa mali ya mtumiaji nambari 999, ambaye ndiye PostgreSQL ndani ya imeji iliyojengwa juu ya Debian, aina mojawapo ya Linux, kwa hiyo hata kuzinakili kunahitaji sudo, yaani ruhusa ya msimamizi wa seva. Kwenye kompyuta za Mac za vijana wetu njia hiyo ilikuwa pia nzito, maana huko Docker huendeshwa ndani ya mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta halisi) na kila usomaji wa faili hulazimika kuvuka mpaka huo. Voliumu yenye jina hukaa ndani ya mashine pepe hiyohiyo, na tofauti ilionekana mara tu tulipohamia huko.

Malalamiko yangu makubwa ni kuhusu majina. Compose hutanguliza jina la mradi kwenye jina la voliumu, na usipolitaja, jina la mradi ni jina la folda. Mwenzangu mmoja alibadilisha jina la folda kwa nia njema ya kupanga vitu, akawasha mfumo, na programu ikafunguka bila bidhaa hata moja. Data ilikuwa salama kabisa katika voliumu yenye jina la zamani, lakini jaribu kumweleza hivyo mwenye duka aliye kwenye simu huku wateja wamejipanga kaunta. La pili ni amri ya docker compose down: peke yake haigusi voliumu zenye majina, ila ukiiongezea -v inazifuta bila kuuliza swali lolote. Chombo kinachobeba madeni ya watu kingepaswa kuuliza.

Yote mawili yanatibika kwa hatua moja: kuiunda voliumu mapema kwa docker volume create, kisha kuandika external: true kwenye faili la Compose. Jina halitanguliziwi kitu tena, na down -v huipita bila kuigusa. Tangu tulipofanya hivyo sina shaka nayo, na kwa biashara inayotumia seva moja ningeichagua tena.

Hata hivyo, voliumu iko kwenye diski ileile ya seva, na diski ikifa nayo imekufa. Docker Engine haina amri yake ya kutoa nakala ya voliumu, na kunakili faili za hifadhidata wakati inaandika kunaweza kukupa nakala isiyowaka. Sisi hutumia pg_dump, zana ya PostgreSQL ya kutoa nakala ya data, kila usiku baada ya maduka kufungwa, nakala hupelekwa nje ya ofisi, na kabla ya kusasisha toleo lolote kubwa la PostgreSQL tunairejesha kwanza kwenye voliumu mpya ya majaribio, kwa kuwa toleo jipya haliwezi kusoma moja kwa moja faili zilizoandikwa na la zamani.