Alukobondi, aluminiamu nzima au bati: chungulia nyama ya katikati

Habari zenu wadau. Leo mezani nina vipande vitatu vya kuvalisha jengo kwa nje, na swali ni lile lile mnaloniuliza kila siku: ghorofa la hapa Dar, karibu na bahari, livae nini?

Naanza na alukobondi, maana ndiyo imejaa mjini. Sogeza kamera hapa kwenye ukingo. Unaona? Karatasi mbili za aluminiamu, kila moja nusu milimita, katikati kuna milimita tatu za kitu kingine. Hiyo nyama ndiyo ya kuulizia kabla hujauliza rangi. Hii ni polithini tupu: ikishika moto inayeyuka na kudondosha matone yanayowaka. Hii nyingine imejazwa madini, inawaka kwa shida. Kwa macho zinaweza kukuchanganya, kwa hiyo dai cheti cha majaribio ya moto. Muuzaji akianza kung'aka, jua umepata jibu.

Na hii sio hofu ya bure. Grenfell Tower, London, Juni 14, 2017: moto ulianzia kwenye friji, ghorofa ya 4, ukatoka nje na kupanda jengo zima. Walikufa watu 72. Paneli zenye polithini ndizo zilizoupandisha.

Aluminiamu nzima haina nyama ya kuwaka. Ya milimita 3 ina uzito wa kama kilo 8 kwa mita ya mraba, wakati alukobondi ya polithini ni kama 5 na nusu, kwa hiyo fremu nayo lazima iwe imara. Bei imechangamka, sikufichi.

Bati la chuma lenye rangi? Dodoma, sawa kabisa. Msasani hapana. Grenda ikipita tu, ukingo umebaki uchi, na chumvi inaanzia hapo hapo. Chuma cha Corten, kile chenye kutu ya makusudi, ndicho kabisa usikilete ufukweni: upepo wa chumvi hauiachi ngozi yake ya kutu ikomae, halafu kutu inachuruzika na kuchafua ukuta.

Mimi kwa ghorofa la pwani nachukua aluminiamu nzima. Mfuko ukigoma, alukobondi ya madini, rangi iwe ya PVDF, aina inayovumilia jua, kwa sababu rangi ya poliesta inapauka mapema na jua letu hili.

Sasa fundi. Paneli ya mita 3, joto likipanda kwa nyuzi 40, inarefuka karibu milimita 3. Akiibana pande zote bila kuiachia nafasi, mchana inabinuka na silikoni inachanika. Matundu ya skrubu yawe marefu kidogo, skrubu ziwe za stenlesi, na pale aluminiamu inapokutana na fremu ya chuma aweke washa ya plastiki ili metali hizo mbili zisigusane. Simama naye siku ya kwanza anapofunga, paneli zikishajaa ukutani huoni kitu.